Nafasi tano za bodi, fomu zilizorudi mbili. Tatizo nini hasa?

#1 Mpanda Mikoko
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kamati ya uchaguzi ya taasisi moja ya kujitolea hapa Tanga mjini, jina nalihifadhi. Kazi zetu ni kupanda mikoko, kuokota plastiki ufukweni na kuzungukia shule za msingi kuwafundisha watoto habari za bahari. Halipwi mtu, kuanzia mwenyekiti mpaka mbeba viroba.

Bodi inamaliza muda wake. Nafasi ni tano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wawili. Fomu ni bure. Tumetangaza kwenye grupu la WhatsApp na tumebandika tangazo ofisini. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa hii, na mpaka sasa zimerudi mbili, zote za ujumbe. Mwenyekiti hakuna. Katibu hakuna. Mweka hazina ndiyo usiseme.

Kinachonishangaza, grupu hilohilo mwaka mzima linawaka moto. Bodi imelala, bodi haisomi mapato na matumizi, bodi wanajuana. Leo nafasi ziko wazi, kila mtu kainamia simu yake.

Mimi nasema watu wetu wanapenda kulaumu kuliko kuongoza, basi. Kama mna maelezo mengine leteni. Na mliowahi kusimamia chaguzi za namna hii, mlifanyaje? Tuongeze muda? Tuteue? Au waliopo waendelee kukaimu?

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa. Leteni kahawa na kashata.

#3 Karani wa Ngamiani
Usiwahi kulaumu watu. Kwanza tuambie, rejista yako ina wanachama hai wangapi? Nasema rejista, si grupu. Kwenye grupu kuna aliyekuja siku moja kupiga picha na mche wa mkoko, kuna aliyehamia Dar, kuna muuza mitumba anayetupia bidhaa zake kila asubuhi.

Katiba nyingi za taasisi zinataka mgombea awe mwanachama hai, na uhai wenyewe unapimwa kwa ada. Mtu asiyejua kama jina lake limo hatachukua fomu. Anaogopa kusomwa mbele za watu kwamba anadaiwa. Nimeliona hilo kwenye vikundi viwili nilivyowahi kuwa karani wake: tulipobandika orodha ya wanachama kabla ya fomu, na kuwapa watu nafasi ya kusahihisha majina na kulipa madeni yao, fomu zilikwenda. Tulipoanza na fomu, tulibaki nazo.

#4 Binti Chumbageni
Kwa mwenyekiti na katibu sijui, ila kwa mweka hazina naweza kukujibu maana nimekalia kiti hicho. Kikundi sikitaji.

Nilichaguliwa kwa shangwe. Kesho yake nikaenda benki kubadilisha watia saini wa akaunti. Benki wakataka barua ya taasisi, muhtasari wa mkutano uliotuchagua uwe na saini na mahudhurio, na vitambulisho vyetu. Muhtasari ulikuwa kwenye daftari la katibu wa zamani. Katibu wa zamani alikuwa amenuna kwa sababu hakuchaguliwa. Akaunti ikakaa hivyo miezi, hela haitoki, na mtaani habari ikawa moja tu: hela kala Binti.

Sasa wewe unaniletea fomu yenye mstari mmoja, "Mweka Hazina", na nafasi ya kuweka saini. Sijui nitashika shilingi ngapi, sijui hesabu za nyuma zimekaguliwa, sijui nitakabidhiwa lini na mbele ya nani. Naijazaje? Andikeni kwanza karatasi moja kwa kila nafasi: kazi zake, saa anazotumia kwa mwezi, anatia saini nini, anakabidhiwa nini.

#5 Mgosi wa Makorora
Dada #4 pole sana. Lakini mimi naona aibu inawashinda hata hao wasioogopa hela. Huku kwetu mtu hajinadi. Ukienda mwenyewe kuchukua fomu, barazani wanasema "huyo kesha ona ulaji". Ukipendekezwa na wenzako unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu unasema "haya, kwa heshima yenu". Ndivyo tulivyolelewa.

Kikundi chetu cha mazishi tulibadilisha fomu. Juu wanajaza wapendekezaji wawili, chini mgombea anajaza sehemu moja tu: nimekubali. Anapelekewa nyumbani. Tukapata watu.

#6 Mtu wa Pongwe
Mgosi, mbona kwenye ubunge watu wanajinadi mpaka wanapanga foleni ya fomu? Aibu hiyo inakwenda wapi?

#7 Mgosi wa Makorora
Ubunge una mshahara. Kwenye mikoko kuna mbu.

#8 Nahodha wa Sahare
Ninyi watu wa mjini mmesahau kutazama mwezi. Taasisi ya mikoko bila shaka nusu ya wanachama wake ni wavuvi. Wavuvi wa taa, hawa wa dagaa, wanafanya kazi wakati wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mbalamwezi inaua nguvu ya taa. Fungua kalenda uone Ijumaa yako imeangukia wapi. Mimi naona imeangukia gizani kabisa. Mtu anarudi asubuhi hana usingizi, atajaza fomu saa ngapi?

Halafu tangazo mmebandika ofisini. Nani anakwenda ofisini? Libandike dikoni, pale mnadani, karibu na mzani. Kila mtu atalisoma akisubiri samaki wake.

#9 Mpanda Mikoko
Shukrani kwa wote, najibu kwa pamoja.

Karani, rejista ipo, ina majina mia na ushee. Waliolipa ada ya mwaka huu hawafiki nusu.

Nahodha, la dikoni nalichukua na kesho linabandikwa Sahare na Deep Sea. Lakini maelezo yako yana tundu: waliorudisha fomu hizo mbili wote ni wavuvi. Wanaokimbia ni wa mjini, wenye ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao mwezi mpevu kwao ni picha ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp.

Binti, nimekusoma mara mbili. Hesabu zetu hazijakaguliwa muda mrefu, hilo ni kweli.

#10 Wakili wa Barazani
Kukaimu msithubutu. NGO ni lazima ifanye uchaguzi kwa wakati, vinginevyo Msajili pale Wizara ya Mambo ya Ndani anawafutia usajili.

#11 Katibu Mstaafu
Wakili, hapo umechanganya mafaili. Waliosajiliwa kama NGO wako chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na Msajili wao yuko wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Wilayani na mkoani unamwona Afisa Maendeleo ya Jamii, ndiye msajili msaidizi. Mambo ya Ndani ni kwa jumuiya, zile za Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Na wenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa wanahusika na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, Sura 318. Mabadiliko ya sheria ya 2019 yalizidi kutenganisha makundi haya, ndiyo maana vyeti vya zamani vinawachanganya wengi.

Kwa hiyo Mpanda Mikoko, kabla ya ushauri wowote toa cheti chenu kabatini usome kimeandikwa nini juu. Kisha soma katiba yenu ibara ya uchaguzi. Kukaimu kunaruhusiwa au hakuruhusiwi kwa mujibu wa katiba hiyo. Tatizo la kukaimu ni kwamba kuna mwanzo, hakuna mwisho. Niliwahi kukaimu ukatibu mahali mpaka watu wakasahau kwamba sikuchaguliwa.

#12 Wakili wa Barazani
Sawa mzee, nimekupata. Ila kukaimu bado sikubali.

#13 Fundi Kompyuta
Yaliyowapata yamewapata wakubwa pia. Debian, ule mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima tangu 1993, wanachagua kiongozi wa mradi kila mwaka. Mwaka 2019 muda wa kugombea uliisha bila jina hata moja. Mradi mzima, watu zaidi ya elfu moja wenye haki ya kura, hakuna anayetaka.

Hawakugombana, kwa sababu katiba yao ilikwisha andika: wagombea wasipopatikana, muda unaongezwa wiki moja, na wakikosekana tena unaongezwa tena. Wiki ileile ya nyongeza majina yakaja, uchaguzi ukafanyika, akashinda Sam Hartman. Na kwenye kura yao kuna mstari unaosema "hakuna kati ya hawa", kwa hiyo hata mgombea akiwa mmoja anaweza kushindwa.

Ninachokipenda ni kwamba kanuni ilikuwepo kabla ya tatizo. Ninyi mkiongeza muda leo bila kanuni, kesho mtu akichukua uenyekiti kwenye siku za nyongeza mtaambiwa mlimsubiri yeye.

#14 Siti ya Mbele
Hao Debian nao wanapanda mikoko?

#15 Fundi Kompyuta
Hawapandi, ila wanagombana kwenye barua pepe kama ninyi kwenye grupu.

#16 Bi Mkubwa wa Raskazone
Wanangu, mnazunguka tu. Rejista, mwezi, aibu, Debian. Hamjauliza la kwanza: mwanzilishi wa taasisi yuko wapi?

Nimekaa kwenye vyama vya kina mama tangu ninyi hamjaota meno. Chama kikiwa na mwenyewe, watu hawagombei. Wanajua akichaguliwa mwingine, wageni wakija watampigia simu mwenyewe. Mfadhili atamwandikia mwenyewe. Mwenyekiti mpya ataitwa siku ya kupanga viti. Watu si wajinga, wanakaa kando na kulalamika, maana kulalamika hakumkosanishi mtu na mzee.

#17 Mpanda Mikoko
Shikamoo Bi Mkubwa. Mwanzilishi ndiye mwenyekiti anayemaliza muda. Alishasema hagombei tena.

#18 Bi Mkubwa wa Raskazone
Marahaba. Alisemea wapi? Mkutanoni, kwa maandishi, au kibarazani kwake akiwa na kikombe mkononi? Na ufunguo wa ofisi anao nani?

#19 Mpanda Mikoko
Alisema kwenye grupu, kwa sauti. Ufunguo anao yeye.

#20 Mtu wa Pongwe
🤣🤣🤣 Uzi umefika penyewe.

#21 Mgosi wa Makorora
Bi Mkubwa shikamoo. Nakuheshimu, lakini sisi mwanzilishi wetu alifariki, Mungu amrehemu, na uchaguzi uliofuata wagombea hawakutokea vilevile. Hapo napo utasema kivuli cha nani?

#22 Bi Mkubwa wa Raskazone
Cha mwanawe. Si ndiye aliyebaki na daftari?

#23 Mgosi wa Makorora
Nimenyamaza.

#24 Mwalimu wa Zamu
Tuache utani kidogo. Tuseme Ijumaa inafika na kila nafasi ina mgombea mmoja. Je, apite bila kupingwa au apigiwe kura ya ndiyo na hapana? Agosti 2021 uchaguzi mkuu wa TFF, shirikisho la soka la nchi, ulifanyika hapahapa Tanga, na kwenye urais likabaki jina moja, Wallace Karia, baada ya wengine kuishia kwenye mchujo. Watu walijadili wiki nzima kama huo ni uchaguzi au ni makabidhiano.

Mimi niko upande wa ndiyo na hapana. Mwaka 1965 nchi nzima tulimchagua rais kwa jembe na nyumba, na mgombea alikuwa mmoja tu.

#25 Mzee wa Barabara ya 12
Mwalimu, jembe na nyumba hazikuwa za rais. Zilikuwa alama za wagombea ubunge, wote wa TANU, wawili wawili majimboni, ili asiyejua kusoma ajue anamchagua nani. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere peke yake, na kwake ulipiga Ndiyo au Hapana. Na ule wa ubunge ulikuwa na meno. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha na akaanguka mwaka ule.

Kwa hiyo mkitaka kujifunza la 1965, jifunzeni kutafuta wagombea wawili kwa kila nafasi hata kama wote ni wa nyumba moja. Ndiyo na hapana peke yake haimtishi mtu. Nani ataandika hapana wakati anajua baada ya hapo hakuna mwingine?

#26 Mwalimu wa Zamu
Asante mzee, kumbukumbu yako iko sawa. Ila hapana ina kazi yake. Mtu akipita kwa kura chache za ndiyo anaanza kazi akijua hapendwi kiasi hicho.

#27 Binti Chumbageni
Na kura mtapigaje? Si mfanye kwenye grupu tu, ile kura ya WhatsApp, dakika tano mmemaliza.

#28 Fundi Kompyuta
Dada, ile inaonyesha nani kachagua nini. Mtu atabonyeza huku anamwangalia mwenyekiti usoni. Hizo fomu za Google nazo, ukituma kiungo kikasambaa, shemeji yako wa Muscat anapiga kura. Kuna mifumo ya kura ya siri kama Helios, inamtumia kila mwenye haki barua yake na inaficha kura, lakini inataka kila mwanachama awe na barua pepe anayoifungua. Wangapi dikoni wanazifungua?

Kwa watu wasiofika hata mia moja, karatasi inatosha. Mtu anasaini rejista, anapewa karatasi yenye mhuri, anakwenda pembeni, anatumbukiza. Karatasi zote zilizochapishwa zihesabiwe kabla na baada: zilizotumika, zilizoharibika, zilizobaki. Zisipolingana na saini, hamjamaliza kazi.

Na kwenye ujumbe, ambako nafasi ni mbili, andikeni juu kwa herufi kubwa: chagua wasiozidi wawili. Atakayeweka alama kwa mmoja kura yake ni halali, atakayeweka kwa watatu imeharibika. Amueni na la kura kulingana, mtarudia au mtatumia bahati nasibu, kabla sanduku halijafunguliwa. Likishafunguliwa kila kanuni ina mwenyewe.

#29 Nahodha wa Sahare
Na sisi tutakaokuwa baharini?

#30 Karani wa Ngamiani
Nahodha, kama katiba inaruhusu kuwakilishwa, unampa mtu barua yenye saini. Ila wekeni kikomo, mtu mmoja asibebe zaidi ya barua moja. Niliwahi kuona mtu kaingia ukumbini na bahasha imenenepa, karibu awe yeye peke yake ndiyo mkutano. Kama katiba haijasema kitu, msianze mwaka huu.

#31 Mtu wa Pongwe
Mnahangaika bure. Akidi ni pilau. Tangaza pilau, watakuja mpaka waliofukuzwa uanachama.

#32 Siti ya Mbele
Pilau la nani wakati hesabu hazijakaguliwa? 😂

#33 Mtu wa Pongwe
La shabiki yeyote wa Coastal Union, timu yetu ya soka. Sisi ni mabingwa wa nchi wa 1986, tuna ukarimu.

#34 Mzee wa Barabara ya 12
1988, bwana mdogo. Nilikuwa uwanjani Mkwakwani miaka hiyo. Mnadai ubingwa na mwaka wenyewe hamuujui.

#35 Mtu wa Pongwe
Mzee wewe Coastal au African Sports?

#36 Mzee wa Barabara ya 12
Mimi ni mzee.

#37 Dada wa Mikanjuni
Nimesoma kuanzia juu. Wachangiaji wengi humu ni wanaume, na hakuna aliyeuliza kina mama wa taasisi hiyo wako wapi. Nina hakika asilimia kubwa ya wanaopanda ni wanawake, maana ndivyo ilivyo kila mahali. Tope hadi magotini tunaingia sisi, fomu tunaambiwa tukazichukue.

Mimi niko kwenye kikundi cha aina hiyo. Mikutano ya bodi inaanza baada ya isha kwa sababu waume wanatoka kazini, inakwisha saa nne usiku. Nafasi ni ya miaka mitatu. Miaka mitatu ya kurudi nyumbani saa nne! Halafu kila uchaguzi mwanamke anasukumiwa ukatibu kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Sijawahi kuona mwanamume kapewa uenyekiti kwa sababu ya mwandiko.

Punguzeni muda uwe miaka miwili, au mpishanishe, wengine watoke mwaka huu na wengine mwaka kesho, ili mpya akute mtu wa kumwelekeza. Mikutano iwe Jumamosi alasiri. Mtaona fomu.

#38 Mgosi wa Makorora
Dada hapo kwenye kupishanisha naunga mkono. Ila Jumamosi alasiri Tanga hii? Harusi zote hizo unazipeleka wapi?

#39 Dada wa Mikanjuni
Harusi mnakwenda kula, mkutano hauzuii mtu kula.

#40 Katibu Mstaafu
Tahadhari kidogo kwa Mpanda Mikoko. Kupunguza muda wa uongozi ni kubadilisha katiba. Hubadilishi katiba kwenye mkutano uleule wa uchaguzi kwa pendekezo la mtu aliyesimama nyuma ya ukumbi, isipokuwa ajenda hiyo ilitangazwa mapema kama katiba inavyotaka. Saa za mikutano ni jambo la bodi yenyewe, hilo halihitaji katiba.

#41 Mpanda Mikoko
Wakuu, mrejesho. Ijumaa imepita. Kamati ilikaa, tukakuta kanuni zetu zinaruhusu kuongeza siku saba mara moja tu, tukaongeza na kutangaza hivyo kwa wote, dikoni na kwenye grupu. Tulibandika rejista, tukaandika karatasi ya kazi kwa kila nafasi kama alivyosema Binti, na fomu tukazifanya za kupendekezwa kama za Mgosi.

Leo hali ni hii: mwenyekiti mgombea mmoja, katibu wawili (mmoja mwanamume, Dada wa Mikanjuni ufurahi), wajumbe wanne. Mweka hazina bado hakuna. Mwanzilishi ameandika barua kwamba hagombei na ufunguo kaukabidhi kwa katibu anayemaliza muda.

Kipi kimesaidia sijui, maana tulivifanya vyote kwa wiki moja.

#42 Bi Mkubwa wa Raskazone
Ufunguo.

#43 Karani wa Ngamiani
Rejista.

#44 Nahodha wa Sahare
Mwezi ulikuwa umekua.

#45 Wakili wa Barazani
Mimi nadhani ni kwa sababu waliambiwa hakuna nyongeza nyingine. Watu wetu wanajaza fomu usiku wa mwisho, hata zile za mkopo.

#46 Mpanda Mikoko
Haya, lakini limezuka jambo. Mgombea pekee wa uenyekiti amewekewa pingamizi. Mlalamikaji anasema mgombea alilipa ada kwa simu usiku wa siku ya mwisho, saa tano na dakika kadhaa, na ofisi ilikwisha fungwa saa kumi. Ujumbe wa malipo upo. Katiba inasema "awe amelipa ada ya mwaka". Saa haikutajwa.

#47 Mgosi wa Makorora
Kalipa, kalipa. Mpokeeni. Mnamtafuta mwenyekiti kwa tochi, mkimpata mnamuuliza saa?

#48 Karani wa Ngamiani
Mgosi, leo ni yeye, mwakani watakuja ishirini usiku wa manane na hela ya mtu mmoja. Tangazo la nyongeza lilisema mwisho ni siku gani na saa ngapi? Kama lilisema saa kumi, ni saa kumi.

#49 Mpanda Mikoko
Kurudisha fomu lilisema saa kumi jioni, na fomu yake ilirudi saa nane mchana. Ada halikusema.

#50 Mwalimu wa Zamu
Basi saa nane mchana aliporudisha fomu alikuwa hajalipa. Sifa inaangaliwa wakati wa kurudisha.

#51 Mzee wa Barabara ya 12
Au siku ya kupiga kura. Inategemea nani anasoma.

#52 Katibu Mstaafu
Swali langu ni jingine: pingamizi linasikilizwa na nani?

#53 Mpanda Mikoko
Kamati ya uchaguzi. Tuko watatu. Mmoja wetu ni shemeji wa aliyewekewa pingamizi.

#54 Katibu Mstaafu
Huyo akae pembeni, atoke chumbani kabisa, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba alitoka na kwa nini.

#55 Mpanda Mikoko
Akitoka tunabaki wawili. Kanuni zinasema akidi ya kamati ni watatu.

#56 Siti ya Mbele
🤣🤣🤣

#57 Wakili wa Barazani
Mnaona sasa? Bora wangekaimu.

#58 Mtu wa Pongwe
Wakili, wewe si ndiye uliyesema wasithubutu?

#59 Katibu Mstaafu
Mwacheni. Mpanda, aliyeunda kamati ni nani, mkutano mkuu au bodi? Kama ni bodi, na kanuni zinairuhusu kujaza nafasi, na muda wake haujaisha, inaweza kuteua mtu wa tatu asiye na undugu na yeyote. Ila wahi kabla haijamaliza muda. Mlalamikaji mpe nakala ya barua ya uteuzi ili asije na pingamizi la pili. Halafu chukua katiba, kanuni na barua ya pingamizi, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii akakusikie kabla hamjaamua. Hatawaamulia, lakini atakuwa anajua siku likimfikia.

#60 Mpanda Mikoko
Kamati iliundwa na bodi, na bodi ina siku chache zimebaki. Jumatatu asubuhi niko kwa Afisa. Kuhusu mtu wa tatu, tunatafuta mwanachama hai asiye na undugu na wagombea wala na mlalamikaji. Kwa mji huu, mwenye jina la mtu kama huyo anitumie faraghani.